Soksi ya Kushoto

Shamba la mpunga, Mercedes, Corrientes
3 Oktoba 2004

Mdogo wangu Hermelinda,

Mimi mzima. Farasi mzima. Mbwa wangu Koplo kazeeka lakini bado anabweka. Natumaini wewe na Celeste mko salama huko La Plata, na sabuni ya hospitali haijamaliza mikono yako.

Kaburi la Delfina nimelisafisha Jumapili. Msalaba nimeupaka buluu, rangi aliyoipenda. Miaka mitatu sasa nakaa mjane. Nyumba bado ina sufuria mbili, natumia moja.

Mpunga tumepanda. Mwezi ujao tunafungulia maji, nami narudi kwenye kazi yangu ya kuyachunga, tuta hadi tuta, koleo begani.

Soksi ulizofuma zimefika na basi. Asante. Ya kulia imeingia vizuri. Ya kushoto haijaingia, lakini si kosa lako.

Sina zaidi.

Kaka yako,
Nemesio Verón


La Plata
19 Oktoba 2004

Kaka Nemesio,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mpwa wako. Celeste katimiza miaka kumi na miwili, ana miguu mirefu kama korongo, anasema mjomba aje amwone kabla hajampita urefu. Mimi nipo palepale chumba cha kufulia. Shuka zinaingia chafu, zinatoka nyeupe, kesho yake zinarudi zilezile. Nimefurahi kusikia habari ya msalaba wa Delfina. Angekwambia rangi umeipaka nyepesi mno.

Sasa kaka. Barua yako nimeisoma mara tatu. Soksi zote mbili nilizifuma kwa kipimo kimoja. Kama moja imeingia na nyingine imekataa, basi mguu mmoja umevimba, na wewe umeona ni afadhali kuniambia habari ya soksi kuliko habari ya mguu.

Ni uleule uliorudi nao kutoka vitani, visiwa vya baridi vya Malvinas? Nilikuwa na miaka kumi ulipoteremka kwenye lori umefungwa bandeji miguu yote miwili. Mama aliwaambia majirani ni bomu la Waingereza. Sijawahi kukuuliza lolote kuhusu vita ile. Sasa nauliza.

Nenda kwa daktari. Na unijibu.

Mdogo wako,
Hermelinda


Shamba la mpunga
14 Novemba 2004

Mdogo wangu,

Salamu. Huku mvua imetosha. Farasi kapata kwato mbaya, nimezikata, anatembea. Mwambie Celeste asikue haraka.

Kwa daktari nimekwenda, kwa hiyo usinisumbue. Kidole gumba cha kushoto ni cheusi na cha kando yake kinafuata. Hakiumi, ndiyo maana sikukijali. Daktari mwenyewe ni binti, angeweza kuwa mwanangu. Akauliza kazi yangu. Nikasema miaka kumi na tisa nachunga maji ya mpunga. Akasema basi ni maji, watu wa mpunga wote wanakuja na miguu hiyo. Akanipa dawa ya kupaka, akasema nikae pakavu. Nikamwambia, daktari, ukinionyesha mpunga unaoota pakavu nahamia leo. Akacheka. Akauliza kama kuna ugonjwa wa zamani au jeraha. Nikasema hakuna.

Jana msimamizi wetu, Don Wenceslao, alichinja kondoo kwa kumaliza kupanda. Wote walikula. Mimi nilikula mihogo yangu pembeni. Wakanitania kama kila mwaka, kwamba Verón ndiye mtu pekee wa Mercedes anayeogopa kondoo hata akiwa amekufa. Unajua sili. Wamezoea.

Simu ya dukani usipige. Wote wanasikiliza.

Nemesio


La Plata
1 Desemba 2004

Kaka,

Sisi wazima. Joto limeanza na chumba cha kufulia kimekuwa tanuri. Celeste kafaulu hesabu, sijui kairithi wapi.

Kwa nini ulimwambia hakuna jeraha? Nimemuuliza nesi mmoja hapa, Griselda, mama mtu mzima, tukiwa tunakunja shuka. Nikamweleza kidole cheusi kisichouma. Kitu cha kwanza hakuuliza kazi. Aliuliza, "Kakako ana umri gani?" Nikasema arobaini na moja. Akahesabu kichwani, akasema, "Wa Corrientes? Basi muulize alikuwa wapi mwaka themanini na mbili, wakati wa vita." Anasema amewaona wengi. Mguu ulioliwa na baridi haurudi kuwa mguu wa kawaida, hata ukionekana umepona. Mishipa ndani inabaki imebana, na daktari asiyejua atapaka dawa ya ngozi mpaka mguu uishe. Anayejua anaangalia damu kama inafika.

Na waliopigana wana njia yao, kaka. Wana madaktari, wana kitanda mjini Corrientes, wanapelekwa. Lakini lazima mwenyewe aseme kwamba alikuwepo. Hakuna wa kumsemea.

Nimefanya jambo moja, usikasirike. Hapa La Plata wapiganaji wa zamani wana nyumba yao ya kukutania. Nimekwenda nikaacha jina lako na kikosi chako, wakayaandika ubaoni, ili wanieleze utaratibu. Walikuwa watu wapole. Walinipa chai yetu ya majani ya mate, wakanikalisha.

Mwambie daktari ni lile bomu. Ni sentensi moja.

Hermelinda


Shamba la mpunga
20 Desemba 2004

Hermelinda,

Nenda ukafute jina langu.

Hukuwa na haki. Mimi si wa hao. Hao wana majeraha yao na wameyapata wanakojua. Mimi ni mtu wa mpunga na mguu wangu umeharibiwa na mpunga.

Tena kuna kitu hukijui. Tuliporudi walituweka kambini, wakatulisha tunenepe, kisha wakatupanga mstari tusaini karatasi. Wakati ule nilisoma pole pole kuliko sasa, na nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma. Koplo mmoja alisema imeandikwa usiseme lolote uliloliona huko wala ulilotendwa, na atakayesema atakiona. Nilisaini. Jina langu liko pale chini. Saini ni saini.

Krismasi njema wewe na mtoto.

Nemesio


La Plata
11 Januari 2005

Kaka Nemesio,

Salamu za mwaka mpya. Tulikula vizuri, Celeste akapiga kelele za kwetu mezani mpaka jirani akagonga ukuta. Tarehe nane, siku yake, nilitembea hadi kwa Gauchito, mtakatifu wa watu wa kwetu, lile banda lake kando ya barabara, nikafunga kitambaa chekundu kwa ajili ya mguu wako. Huko kwenu najua barabara ilijaa mahujaji. Nilimwambia yeye anaelewa, maana alikataa vita na wakamtundika miguu juu.

Jina lako sikulifuta. Nilikwenda kulifuta, kweli. Lakini mtu mmoja alikuwa amelisoma ubaoni, akawa ananisubiri. Aliyoniambia siyaandiki. Si yangu.

Nina swali moja tu, na unaweza kunijibu kwa mstari mmoja. Kwa nini huli kondoo?

Mdogo wako,
Hermelinda


La Plata
9 Februari 2005

Kaka,

Mwezi mzima. Basi limekuja mara nne bila kitu. Dereva sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijamuuliza. Celeste anauliza kama mjomba amemkasirikia na yeye.

Niandikie hata tusi.

H.


Shamba la mpunga
22 Februari 2005

Mdogo wangu,

Salamu. Sikumkasirikia mtoto. Mpunga unakaribia kuiva, ndege wanatusumbua.

Sijui nani kakwambia habari ya kondoo. Najua ni nani anaweza. Sasa sikiliza, nitaandika mara moja tu na usinirudishe huko tena.

Tulikaa kwenye mashimo tangu Aprili. Mvua na upepo. Tulikuwa makuruta wa miaka kumi na tisa, watu wa joto, wengi wetu barafu tuliijua kwenye glasi. Chakula kilikuwepo bandarini, kwetu hakikufika. Supu kama maji ya kuoshea vyombo, mara moja kwa siku, halafu hata hiyo hakuna. Kondoo walikuwa wengi wanazurura mbele ya macho yetu. Amri ilikuwa tusiwaguse. Nikamchukua mmoja. Nimekulia kwenye kondoo, kwangu ni kazi ya dakika chache. Nilimla peke yangu.

Koplo wetu akaiona ngozi. Akanivua buti na soksi. Akanilaza chini, akanifunga mikono na miguu kwenye vigingi vinne vya hema, kama ngozi inayoanikwa. Asubuhi mpaka jioni. Matope yalikuwa yanaganda. Mchana zikaja ndege za Waingereza, wote wakaingia mashimoni, mimi nikabaki juu. Hakuna kilichonigusa. Kwa hiyo bomu hakuna. Mama aliona bandeji, akajisemea bomu, nikamwachia.

Tuliposalimu amri miguu ilikuwa kama maboga. Mwingereza mmoja mwekundu akanikata suruali, akanikausha vidole kimoja kimoja, akanivalisha soksi zake kavu. Wa kwetu alinivua. Adui alinivalisha. Sasa niambie, hapo najaza karatasi ipi? Wengine walirudi na risasi. Mimi nilirudi na adhabu ya mwizi.

Delfina aliiosha miguu hii miaka kumi na sita. Hakuuliza hata siku moja.

Dawa haikusaidia. Daktari anasema weusi umepita vidole. Watakata chini ya goti, Jumanne tarehe 8 Machi. Nimekubali. Don Wenceslao anasema atanitafutia kazi ya kukaa. Shamba la mpunga halina kazi ya kukaa, lakini kasema vizuri.

Usije. Usiache kazi.

Nemesio


La Plata
28 Februari 2005

Kaka,

Anayekupa barua hii mkononi ni Isidro Maidana. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ndiyo umfukuze ukitaka.

Ndiye aliyelisoma jina lako. Anaishi hapa miaka kumi na tano, anajenga nyumba za watu. Nisamehe, barua yako nilimsomea. Alikaa jikoni kwangu, kofia magotini, mate ikapoa mkononi mwake. Nilipofika pale uliposema ulimla kondoo peke yako, akaniambia niache hapo. Celeste akachungulia mlangoni kuona kama mgeni ameondoka.

Kisha akasema hivi, naandika alivyosema:

"Dada, tulikuwa watatu. Mimi ndiye niliyemshika miguu yule kondoo. Koplo alikuwa anamwendea Verón pale chini kila saa, anamwambia nipe majina ya wenzako nikufungue. Hakutoa. Mimi nilikuwa shimoni, hatua ishirini, mafuta bado yako midomoni, na sikunyanyuka."

Yule wa tatu alikufa wiki iliyofuata, na wewe unamjua. Maidana anasema jioni yeye ndiye aliyezikata kamba zako, lakini hilo hataki umshukuru kwa sababu alichelewa. Anasema kila Aprili, siku ya kukumbuka vita, anavaa medali anaandamana na wenzake, watu wanampigia makofi, na yeye anatafuta uso wako pembeni ya barabara. Hakuwahi kuuona. Nikamuuliza kwa nini hakukufuata Mercedes miaka yote hiyo. Akasema, "Ningeanzia wapi?"

Ile karatasi walisaini wote. Wanaizungumzia mezani kwao kila Alhamisi, kwa sauti, madirisha wazi, na hakuna aliyekuja kumchukua mtu. Saini ni saini, kaka, lakini ile waliichukua kwa watoto wenye njaa.

Unasema wewe si wa hao. Hao wenyewe wanasema hapana. Mimi sijui vita. Ninachojua ni kwamba zimebaki siku nane, na yule binti daktari anakata mguu ambao hajaambiwa ni mguu wa nani.

Uliniambia bomu hakuna. Basi usiseme bomu. Sema hicho hicho ulichoniandikia.

Hermelinda


Mercedes
5 Aprili 2005

Mdogo wangu Hermelinda,

Natumaini wewe na Celeste wazima. Farasi mzima, alibaki kwa Don Wenceslao. Mpunga wamevuna bila mimi. Wanasema ni mzuri. Karatasi hii imekunjamana, ilikaa chini ya mto.

Nakueleza kwa mpangilio.

Maidana alifika saa tano asubuhi. Koplo alimbwekea. Akauliza mbwa anaitwaje, nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, halafu haikuwa kucheka tena. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, yeye akiwa pale chini. Nikamaliza. Nikaenda kuchemsha maji ya mate. Nikatoa sufuria ya pili.

Hatukuongea sana. Nilimwambia kanenepa. Akaniambia nimezeeka vibaya. Akasema, "Kwa nini hukusema majina?" Nikasema tungekuwa watatu chini badala ya mmoja, ningepata faida gani? Akasema mimi ni mpumbavu. Nikasema ndiyo, lakini mpumbavu aliyeshiba.

Siku ya pili tulikwenda kwa daktari. Maidana alitaka anisemee, ana maneno ya mjini. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia binti, daktari, nilikudanganya. Mguu huu si wa mpunga. Akaweka kalamu tayari, akauliza ni wa nini. Nikasema:

"Nilikuwa askari visiwani. Koplo wangu alinifunga chini pekupeku kutwa nzima kwa sababu niliiba kondoo."

Kalamu ikasimama. Akaangalia karatasi yake, akasema hapa pana nafasi mbili tu, ajali kazini au jeraha la vitani. Maidana akasema vitani. Mimi nikasema sijui. Binti akafikiri. Akaweka alama penye vitani, kisha akageuza karatasi upande mweupe akaandika yote, akiniuliza pole pole, masaa mangapi, kulikuwa na maji, nani alitibu. Mistari kumi na moja. Akanisomea. Nikasaini. Safari hii nilijua nasaini nini.

Halafu akauweka mkono wake juu ya unyayo, akatafuta damu inapopiga. Hapo ndipo hakuwahi kugusa. Akanyanyua simu mbele yetu. Kesho yake nilikuwa Corrientes, kitandani, na shuka nyeupe. Nikamfikiria anayezifua.

Wamezibua mshipa. Wamekata vidole vitatu. Mguu umebaki. Daktari wa kule alisema ningesema mapema vidole visingekatwa. Binti wa Mercedes nilipomrudia akasema na yeye angeuliza mapema. Tukaachia hapo.

Kitandani jirani yangu alikuwa mwanamaji wa ile meli yetu iliyozamishwa vitani. Akaniuliza nilijeruhiwa wapi. Nikamwambia. Nilingoja uso wake ubadilike. Akasema kwenye kikosi cha shemeji yake walifungwa wawili kwa kopo la maziwa. Akaomba nimsogezee mate.

Sikuwa najua kuna wengine, Hermelinda. Miaka ishirini na tatu nilidhani ni mimi tu.

Tarehe mbili Aprili wapiganaji wa zamani waliandamana hapa mjini. Mimi sikuandamana, mguu bado. Lakini nilisimama na magongo upande wao wa barabara, si upande wa watazamaji. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu aligeuka akasema samahani, akasogea nipite. Sikwenda popote. Niliona amesogea, basi.

Baada ya hapo walichoma nyama kwenye uwanja wa nyuma. Kondoo wawili, kwenye misalaba ya chuma, moto tangu alfajiri. Maidana alinikalisha mbali na moshi, akanitafutia kuku. Nikamwambia kuku mpe mtu mwenye meno mabovu. Niletee ubavu. Akaniangalia. Akaenda akaukata mwenyewe, upande wenye mafuta, akauleta kwenye ubao na chumvi na kisu. Akasimama pale. Nikamwambia kaa, huwezi kumwangalia mtu akila kama unamlinda. Akakaa. Tukagawana.

Ni nyama nzuri. Nilikuwa nimesahau.

Mfupa nilimpelekea Koplo nyumbani.

Don Wenceslao kanipa kazi ya kufungua na kufunga mlango mkubwa wa mfereji. Ni ya kusimama, lakini pakavu. Waambie wa Alhamisi jina langu waliache ubaoni. Celeste mlete Julai shule zikifungwa.

Na ukifuma soksi nyingine, ya kushoto ifanye fupi.

Kaka yako,
Nemesio